Chaki Kwenye Gurudumu la Nyuma

6 Januari

Mwanangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi lina serikali yake. Wewe je? Kile kikohozi kimekwisha? Sikuweza kujua, maana barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari mitano, nimeihesabu, na mmoja ulikuwa wa tarehe.

Nina jambo. Nimeamua kuifungua injini ya pikipiki ya baba yako.

Maliza kucheka kwanza, nitakusubiri.

Bado iko palepale ukumbini, kati ya jiko na chumba changu cha kushonea. Wateja wanatundika mikoba yao kwenye usukani ninapowapima. Juzi mmoja akaniuliza kama ni pambo. Pambo! Pikipiki iliyomzungusha marehemu mitaa yote ya mji huu akisoma mita za maji, tangu wewe hujazaliwa, leo iitwe pambo. Nilimshonea gauni lake lakini moyo haukuwa na raha.

Kiki haiteremki. Nimesimama juu yake kwa uzito wangu wote, na uzito wangu unaujua, haikutikisika hata kidogo. Nilimwita fundi wa hapa mtaani. Akazunguka mara moja, akapiga tanki kwa kidole, akasema, "Mama, hii peleka kwa wanunua vyuma chakavu." Nikamwonyesha mlango.

Wewe ni fundi. Najua siku hizi unatengeneza lifti, lakini chuma ni chuma. Niambie nianzie wapi. Mimi nimefungua na kufunga vyerehani miaka thelathini, siogopi nati. Na usinipigie simu kwa jambo hili, kwenye simu mimi na wewe tunaulizana "unanisikia?" mpaka inakatika. Niandikie.

Nimekukumbuka sana, baba.

Mama yako


25 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha. Goti liambie lina ndugu yake huku, la kwangu la kulia, kwa ajili ya kupiga magoti chini ya lifti za watu.

Mama, iache hiyo pikipiki. Unajua nani aliiua. Niliichukua bila ruhusa, sikupima oili, nikaiendesha jua kali mpaka ikajifunga katikati ya barabara. Nikaisukuma kilomita kumi na moja. Sitaki uvunje mgongo kwa kosa langu la miaka tisa iliyopita.

Lakini nakujua. Barua hii ikifika utakuwa umeshavua kitambaa cha kichwa uanze kazi. Basi sikiliza vizuri. Kwanza, kiki usiikanyage tena! Ukiilazimisha utavunja meno ya gia ndani, na hapo hata mimi sitakuwa na la kusema. Pili, fungua plagi, changanya dizeli na oili nyembamba nusu kwa nusu, mimina nusu kikombe kwenye lile tundu. Halafu usifanye kitu. Kila asubuhi ongeza kidogo. Baada ya wiki mbili iweke kwenye stendi ya kati, tia gia ya juu kabisa, ushike gurudumu la nyuma, ulisukume mbele kidogo, urudishe nyuma kidogo. Kwa mikono tu. Unabembeleza, hupigani.

Tatizo la injini iliyokwama ni kwamba ukiwa na haraka unaipoteza.

Mwanao


13 Februari

Mwanangu,

Umeandika ukurasa mzima! Nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mteja akadhani nasali.

Mimi mzima. Kitambaa nilikuwa nimeshavua, kweli unanijua. Nimemimina mchanganyiko wako siku kumi na sita. Nyumba nzima inanuka gereji. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni lake jeupe, nikamkalisha barazani kwa usalama.

Sasa gurudumu. Nilisukuma mbele, nikarudisha nyuma, sikuona tofauti. Mkono unadanganya, unahisi kitu kimekwenda kumbe ni wewe mwenyewe umeyumba. Nikafanya kama ninavyofanya kwenye kitambaa. Nilichukua chaki ya kushonea nikachora mstari mwembamba kwenye gurudumu, na mwingine kwenye chuma cha pembeni, ikakutana sawasawa. Kila asubuhi kabla sijapiga pasi ya kwanza nasukuma mara ishirini, halafu naangalia mistari yangu. Bado inakutana. Siku kumi na sita za mchanganyiko, na mistari haijaachana hata unene wa uzi.

Nifanyeje? Na ulipoandika kwamba ukiwa na haraka unaipoteza, sikupenda. Miaka tisa si haraka, mwanangu. Chumba chako kina vitambaa vya wateja mpaka juu ya kitanda, lakini kitanda kipo, na nikiambiwa leo kwamba unakuja nitavihamisha kwa saa moja.

Halafu nieleze unakaaje huko. Kuhusu injini unaandika mpaka pembeni mwa karatasi, kuhusu wewe mwenyewe nakutafuta kwa tochi.

Mama yako


3 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu bibi harusi mpaka mwenzangu wa chumba akaamka. Nikamsomea. Yeye mama yake hajui kuandika, kwa hiyo sasa kila barua yako ikija ananiuliza, "Imetoka?" yaani injini imefunguka. Anaijua pikipiki kuliko anavyonijua mimi.

Umeuliza nakaaje. Asubuhi naingia kwenye jengo la watu, nashuka kwenye shimo la lifti, napaka grisi, nakaza, napanda juu ya paa la lifti, nakagua nyaya. Mchana kutwa napanda na kushuka. Watu wanaingia na kutoka na hawanioni, niko juu ya vichwa vyao. Jumapili nafua. Ndiyo hayo, Mama. Sikuandikii kwa sababu barua ya hayo ingekuwa ileile kila mwezi.

Wazo la chaki ni zuri kuliko la kwangu. Mimi nisingelifikiria.

Sasa inabidi tufungue kichwa cha injini. Nati nne juu, spana namba kumi na nne. Usifungue moja mpaka mwisho. Legeza kila moja kidogo, ukivuka kutoka kona hadi kona, la sivyo kichwa kinapinda. Ukishainua utaiona pistoni imekaa ndani ya silinda. Chukua tochi na uangalie ukuta wa silinda, kisha uniandikie unachokiona, hasa kama kuna mikwaruzo ya kusimama, ya rangi ya bati, kama mtu alikwaruza kwa msumari kutoka juu kwenda chini. Hiyo ndiyo alama ya injini iliyoungua kwa kukosa oili. Utaiona tu. Ni sahihi yangu hiyo.

Mama, kwa kuwa tumefika mpaka hapa nitakuambia jambo. Siku ile nilipofika nyumbani na pikipiki nikiisukuma, baba hakunipiga, hakupaza sauti. Alishika injini, bado ilikuwa na joto la jua, akasema mbele ya majirani wote, "Umenikata miguu." Basi. Siku nne baadaye nikapanda gari nikaondoka. Miaka yote nilikuwa najiambia nitarudi nikiwa na injini mpya mkononi, niiweke mbele yake, ndipo nimwangalie usoni.

Halafu akafariki. Nilikuambia kazini wamenikatalia ruhusa. Si kweli. Msimamizi alinipa siku kumi, akanishika bega, akaniambia niende nikamzike baba yangu. Begi lilikuwa tayari. Nikakaa kitandani na begi mpaka saa ya safari ikapita. Niliona aibu, Mama. Nilijiona nimesimama kaburini kwa mtu niliyemkata miguu, na watu wakinong'ona juu yangu. Sikuweza. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo.

Usinijibu kuhusu hilo. Nijibu kuhusu ukuta wa silinda.

Mwanao


24 Machi

Mwanangu,

Leo sitaanza na goti.

Nimekifungua kichwa, kona kwa kona kama ulivyosema. Nimeangalia kwa tochi, halafu nikasogeza taa ya cherehani nikaangalia tena, halafu nikapitisha kidole. Hakuna mikwaruzo. Hata mmoja. Sehemu ya juu ya ukuta ni laini kama kikombe cha chai. Chini, pale pistoni ilipolala, kuna mkanda wa kutu, na juu ya pistoni yenyewe kuna tope jekundu. Maji yaliingia humo. Hiyo injini haikuungua. Imeshikwa na kutu.

Kutu niliileta mimi. Baba yako alipofariki, baba yako mdogo alianza kuja kila jioni kuizungukia pikipiki, mara anataka kuiazima, mara anataka kuitunza. Nikaona dawa ni kuitoa plagi na kuificha kwenye kopo la vifungo. Tundu nikaliziba kwa kitambaa. Na kila Jumamosi, kwa miaka mitatu, nikaitoa uani nikaiosha kwa ndoo mbili za maji, kama alivyokuwa akiiosha yeye. Nilikuwa namwaga maji ndani ya injini kwa mapenzi, nisijue. Barua yako ya kwanza iliposema nifungue plagi nikaona aibu kukuambia kwamba haipo.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili, na nimelikalia siku tatu.

Wewe hukuiua pikipiki. Ilipata joto ikajifunga, ilipopoa ikajifungua. Siku ya tano baada ya wewe kuondoka baba yako aliitia oili, akapiga kiki mara tatu, ikawaka. Nilikuwa nakata kola ya shati, nikasikia, nikatoka nje na mkasi mkononi. Alikuwa amesimama pembeni yake anaitazama kama mtu aliyeshikwa uongo. Aliiendesha miaka minne mingine, mpaka ugonjwa ulipomkataza.

Nikamwambia, mwandikie mtoto. Akasema, "La pikipiki niachie mimi." Alianza barua, nikaziona, mstari mmoja na nusu, kisha anakunja karatasi. Hakujua namna ya kumwomba mtoto wake msamaha. Akaja na lake: "Akirudi ataikuta inanguruma, tutacheka wote." Kila mwaka akasema hivyo. Nikamwachia. Alikuwa mume wangu na nikaona ni haki yake kukuambia mwenyewe.

Na alipofariki? Hapo sina mtu wa kumsingizia. Wakati huo nilikuwa nimechelewa tayari, nikaogopa. Ulipotuma habari kwamba umenyimwa ruhusa nilikuamini, kwa sababu kukuamini kulikuwa rahisi. Ningeandika mstari mmoja tu wakati wowote katika miaka ile sita, pikipiki imewaka, na ungekuja kumzika baba yako. Sikuuandika. Hiyo ndiyo dhambi yangu, baba, siyo maji.

Unajua kwa nini nilianza kuifungua hii injini? Nilitaka iwake, halafu nikuite, nikuambie ana kwa ana. Kumbe ukaanza kuniandikia kurasa mbili mbili, nikanogewa. Nikawa nasema moyoni, isifunguke haraka.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini niandikie hilo pia.

Mama yako


4 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Wiki sita sijapata barua. Posta wanasema hakuna mgomo wala mafuriko, nimewauliza mara mbili.

Sikuandikii kukusumbua. Nilifikiri utapenda kujua. Niliisafisha kutu ya juu kwa msasa laini na oili. Halafu nilichukua kile kibao changu cha kupigia pasi mishono ya mabega, nikakiweka juu ya pistoni, nikakigonga kwa nyundo ya mbao, taratibu, kuzunguka. Siku ya kumi na moja nilisukuma gurudumu mara ishirini kama kawaida, nikainama kuangalia chaki. Mistari miwili ilikuwa imeachana. Nikaleta futi yangu nikapima. Nusu sentimita.

Nilikaa chini pale ukumbini nikalia, halafu mteja akaja kuchukua suruali yake akanikuta sakafuni, nikamwambia nimedondosha sindano. Akapiga magoti kunisaidia kuitafuta. Tukaitafuta muda mrefu, maskini.

Wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Wa pili ni baba yako. Nikabaki na yule mwenye suruali.

Mama yako


20 Juni

Mwanangu,

Hujambo.

Injini inazunguka sasa. Juu na chini, yote, bila kelele. Nimerudisha kichwa, gasketi mpya ya kuziba katikati, nati kona kwa kona. Lakini sijui la kufanya baada ya hapo. Sijui oili kiasi gani, wala ile kabureta inafunguliwaje. Yule fundi wa vyuma chakavu amepita mlangoni mara mbili akichungulia. Angeweza kunionyesha kwa nusu saa. Nimemwambia nina fundi wangu.

Sasa nimebaki na jambo moja ambalo nitalisema waziwazi kwa sababu nimechoka kuzunguka. Sitaki pikipiki. Nilidhani naitaka, kumbe nilikuwa nakutaka wewe. Kila asubuhi nikisukuma lile gurudumu nilikuwa nakuvuta wewe huku, na sasa gurudumu limekuja na wewe umekwenda mbali zaidi kuliko ulivyokuwa Januari. Usiku huota nakupima suti, natafuta mabega yako siyajui tena ni mapana kiasi gani. Asubuhi napiga pasi za watu.

Kama umenikasirikia una haki. Nilichokunyang'anya hakirudi. Lakini kasirika kwa maandishi. Mistari mitano inatosha, na mmoja uwe wa tarehe.

Hii ni barua yangu ya mwisho mpaka nipate ya kwako. Siyo kwa kisirani. Nimeona nikuachie nafasi ya kunyamaza bila kunisikia mimi mlangoni.

Mama yako


27 Julai

Mama,

Shikamoo.

Nilizipata barua zote tatu. Ile ya Machi niliisoma juu ya paa la lifti, ghorofa ya saba. Niliisimamisha lifti. Chini watu walikuwa wanabonyeza na kupiga kelele, nikawasikia kama wako nchi nyingine. Msimamizi aliponiuliza nikamwambia kuna hitilafu.

Nimekuandikia barua nyingi tangu siku ile. Sikuzituma kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Nilikuwa nahesabu. Miaka sita ambayo ningeweza kukaa naye mezani. Siku kumi za ruhusa nilizokaa nazo kitandani. Nikakuchukia wewe, nikamchukia yeye, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi sikuandika kuuliza. Mistari mitano kwa miaka tisa, na hakuna hata mmoja uliosema, "Baba hajambo? Pikipiki je?" Tulikuwa watatu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Mwenzangu wa chumba aliniuliza kama imetoka. Nikamwambia imetoka. Akafurahi, akatandaza mikono, halafu akaniona uso akashusha mikono.

Bado nina hasira, Mama. Sitakudanganya. Ikija inakuja asubuhi, nikiwa nafunga viatu, nabaki nimeshika kamba.

Ila nimekukumbuka kuliko nilivyokukasirikia. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulijua.

Nimeomba ruhusa. Nimepewa. Sikuambii tarehe kwa sababu safari iliyopita nilikuwa na tarehe na begi na bado sikuondoka. Safari hii nisitarajiwe na mtu, mpaka miguu yenyewe ifike. Usihamishe vitambaa. Usipike. Usikae barazani ukiangalia barabara, maana najua utakaa.

Mwanao


(Karatasi iliyokunjwa mara mbili, ikapitishwa chini ya mlango)

9 Agosti, saa tisa alasiri

Mama,

Nimefika. Nimegonga, hukuwepo. Jirani anasema umepeleka nguo za shughuli mtaa wa pili na hujui kukaa kwa watu chini ya saa mbili. Hakunijua, mpaka nilipomwamkia.

Nimemwomba anielekeze makaburini. Natangulia kwa baba, peke yangu. Tafadhali usinifuate. Nina mengi ya kumwambia, na mengine si ya masikio yako.

Begi langu liko kwa jirani. Nikimaliza nitarudi hapahapa nigonge tena. Nitakuwa na njaa.

Mwanao